Mchanga wa Karani

Nilianza kwa kumpiga.
Liandikwe hilo kwanza, nisije nikajisafisha.
Nilikuta mswala umelowa upande wa kichwa,
nikamfukuza kwa fagio la chelewa hadi uani,
nikamwita mshenzi, nikamwita mwana wa jalalani
(ndiko nilikomwokota kweli, nyuma ya soko la Ngamiani,
macho yamegandana, sauti kubwa kuliko mwili).
Jina alijipa mwenyewe: Karani,
kwa kulalia daftari langu la vipimo.

Paka si najisi, nilifunzwa hivyo tangu chuoni.
Mkojo wake ndio wenye kesi.
Nikafua mswala, nikaanika, nikafua tena,
naye kesho yake akachuchumaa ndani ya karai,
akitazama mbele kama mtu anayengoja kuitwa benki.
Hakutoka kitu.
Akahama. Kizingitini. Chini ya kabati.
Juu ya suti ya harusi ya mtoto wa Bi Mwanakombo.
Anachuchumaa, anakaza, anainuka,
kila mahali tone moja,
na tone lile, nilipolifuta kwa kipande cha bafta,
lilikuwa na rangi ya choya.

Fagio likaniponyoka.

Maana nimeshaishi na mwanamume wa namna hii.
Hemedi alikuwa akifungulia bomba la bafuni
ili nisisikie kimya chake.
Miaka miwili maji yanakwenda bure, bili inapanda,
nami nagombana naye juu ya bili.
Alipokubali kupelekwa Bombo
daktari aliniuliza, "Mama, hukuona dalili?"
Niliona bili.

Basi Karani nikamtia kwenye kikapu cha ukili,
nikafunga kanga juu, bodaboda hadi Chumbageni,
kwa Bwana Shekiondo wa mifugo, mtu wa Lushoto,
mikono iliyozoea kuzalisha ng'ombe.
Akampapasa tumbo, akanyamaza.
"Kibofu kimekuwa ndimu. Ungengoja kesho, ungezika."
Akatafuta mrija mwembamba kama sindano ya cherehani.
Nilimshika miguu ya mbele. Aliniuma kidole gumba.
Sikukitoa.
Kisha ukaja, mwekundu, halafu wa manjano,
una chenga chenga kama chumvi,
ukajaza kopo, ukanimwagikia buibui,
nami nikacheka mbele ya mbuzi wa watu
kama mwendawazimu.

Elfu hamsini na tano.
Bi Mwanakombo alishika kiuno: "Za paka?"
Za paka.
Habari ya suti sikumwambia.

Sasa nyumba nzima inakwenda kwa amri ya kibofu.
Dagaa wakavu marufuku.
Kibua namchemshia, natoa miba, mchuzi tele bila chumvi.
Bakuli la maji barazani, bakuli chini ya cherehani,
bakuli jikoni, na hilo ndilo asiloligusa;
apendalo ni kunywa kwenye ndoo yangu ya udhu.
Nimeshindwa. Nimenunua ndoo ya pili.
Mchanga huniletea kijana wa Sahare, kiroba kwa wiki,
nausuuza chumvi, nauanika, nauchekecha,
wapita njia huuliza napika nini.
Mswala nimeutundika msumarini, juu,
na hata huko huutazama.

Usiku ndio kazi.
Saa tisa, taa imezimwa, namsikia akikwangua,
mara moja, mara mbili,
kisha kimya.
Kimya hicho nakijua. Nahesabu.
Saba. Nane. Tisa.
Ukija, huja kama mchele unaomiminwa kwenye ungo,
mrefu, hauna haya,
nami nasema alhamdulillahi, kwa sauti,
mwanamke mtu mzima, kwa mkojo wa paka.

Halafu nainuka, naenda bafuni gizani,
nashika bomba.
Limefungwa.